Plagi Iliyokataa Kutoka

Mvua ya mawe iliangusha nguzo ya stima karibu na shule ya Kiplombe, na asubuhi yake Jerop alipotoka kwenda kuangalia gari, betri ilikuwa imebaki na chaji kidogo tu. Waya wa nyumbani ulikuwa umechomekwa usiku kucha bure.

Lilikuwa gari dogo la umeme, mtumba kutoka Japani. Mumewe, Kigen, alilinunua kabla hajarudi kazini Doha, na alilinunua kwa sababu ya baba yake. Mzee Bethwel alikuwa ameharibika figo. Ilibidi apelekwe hospitalini mjini mara kwa mara, alazwe kando ya mashine, damu yake isafishwe na kurudishwa. Mtu anayetoka kwenye mashine ile hawezi kupandishwa bodaboda. Kigen aliona gari la kuchaji nyumbani litampunguzia mkewe safari za petroli steshen, na kweli lilimpunguzia, siku ambazo stima ilikuwepo.

Mwanzoni Jerop na mzee hawakuwa wakiongea njiani. Mzee Bethwel alikuwa mtu wa kizamani, na kwao mke wa mwana hasogeleani na baba mkwe. Alikaa kiti cha nyuma, kofia magotini, na neno lake lilikuwa moja: "Tumefika." Lakini safari huzoesha watu. Miguu ilipozidi kuvimba, alihamia mbele ili ainyooshe, na kuanzia hapo akawa anamwonyesha Jerop mashamba aliyoyalima kwa trekta ujanani, ambayo sasa yalikuwa maploti yenye nyumba za mawe na mageti meusi. "Hapa kulikuwa na ngano," angesema, "mpaka kule kwa lile tangi." Jerop alizipenda hizo hadithi. Alikuwa amemjua baba wa mumewe kwa miaka mingi, lakini ni ndani ya gari alipoanza kumfahamu.

Siku hiyo walitoka mapema kuliko kawaida. Jerop alijua kuna mashine ya kuchaji magari kwenye petroli steshen moja ya barabara kuu, kabla ya kuingia mjini. Nafasi ya mzee hospitalini ilikuwa saa nane. Wangechaji kidogo, waende, na kurudi nyumbani bila wasiwasi.

Mashine ilikuwa moja, yenye waya mmoja mnene kama mkono wa mtu. Jerop alichomeka plagi kwenye gari, akafungua app kwenye simu, akabonyeza. Taa ikawa ya kijani. Alirudi ndani ya gari, wakakaa wakitazama malori ya kwenda Malaba yakipita. Mzee alifumba macho.

Kisha muziki uliokuwa ukipigwa kwenye duka la hardware ng'ambo ya barabara ulikatika. Pampu za mafuta zilinyamaza. Stima ilikuwa imepotea. Haikukaa sana, ikarudi, na muziki ukarudi nayo, lakini taa ya mashine ya kuchaji haikurudi ya kijani. Iliwaka nyekundu.

Jerop alitoka. Skrini ya mashine iliandika kwamba kuna hitilafu. App iliandika kwamba gari bado linachaji. Alibonyeza mahali pa kusimamisha. Lile duara dogo la kungoja likazunguka, likazunguka, likarudi lilipokuwa. Alibonyeza tena. Akashika plagi akaivuta. Haikusogea. Akabonyeza ufunguo wa gari, akasikia milango ikifunguka, akavuta tena kwa mikono miwili. Plagi ilikaa kana kwamba imejengewa pale.

Aliingia ndani akajaribu kuwasha gari ili aondoke hivyo hivyo. Gari lilikataa. Kwenye dashibodi kulikuwa na alama ndogo ya waya, na maana yake aliielewa: maadamu plagi iko ndani, gari haliendi popote.

"Kuna nini?" Mzee Bethwel aliuliza.

"Stima ilipotea kidogo, Baba. Sasa plagi imeshika. Wacha nipigie hao watu."

Namba ya huduma ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa mashine. Alipiga. Sauti ya kurekodiwa ilimshukuru kwa kupiga, ikamwambia asubiri, ikampigia muziki, ikakata. Alipiga tena, ikawa vile vile.

"Nitaita teksi ikupeleke," alimwambia mzee kupitia dirishani. "Mimi nibaki na gari. Ukimaliza nitakuwa nimefika."

"Hapana."

"Baba, tutachelewa."

"Sitaki teksi. Tungoje gari." Alisema kwa upole, na akajiegemeza tena kwenye kiti. Jerop aliona sura yake imetulia kwa namna ambayo hakuwa ameiona siku za hospitali. Kwa kawaida mzee aliikunja siku hizo tangu asubuhi. Alifikiri ni kwa sababu amelala kidogo.

Gari jeupe la umeme liliingia na kusimama nyuma yao. Aliyeshuka alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, mwenye kanzu chini ya koti zito na ndevu zilizotiwa hina. Siti za nyuma zilijaa mapazia na mazulia yaliyokunjwa.

"Habari, sister. Umemaliza ama bado?"

"Sijui kama nimemaliza," Jerop alisema. "Plagi imekataa kutoka, na tunangojwa hospitalini."

Mtu huyo alitazama taa nyekundu, akatazama gari lake, akapumua. Alijitambulisha kuwa anaitwa Mustafa. Ana duka la mapazia mjini, na alikuwa akipeleka mzigo wa harusi Kitale. "Na mimi nimefika hapa kwa maombi tu, betri imeisha," alisema. "Kama hii haitoki, mimi pia siendi. Kwa hivyo tusaidiane. Hii hospitali, mnaenda kuona mgonjwa?"

"Mgonjwa ndiye huyu."

Mustafa aliinama, akamsalimia mzee kwa heshima, na uharaka uliokuwa usoni mwake ukapungua.

Walijaribu alichokijua Mustafa. Alimwambia Jerop azime simu aiwashe tena, maana app mara nyingine inabaki na kumbukumbu ya zamani. Haikusaidia. Akamwonyesha kitufe kikubwa chekundu ubavuni mwa mashine, cha kukata stima wakati wa hatari. "Kibonyeze. Mimi hiki kiliwahi kuniokoa Nakuru." Jerop alikibonyeza. Skrini ikafa kabisa, taa ikazimika, na plagi ikabaki pale pale. Walipokizungusha kitufe kirudi juu, mashine haikuamka.

"Sasa tumeiua," Jerop alisema.

"Haijafa. Imenuna." Mustafa alikuna ndevu. "Nani hapa ana ufunguo wa ile boksi ya stima nyuma?"

Mhudumu wa pampu, msichana mwenye sare ya kijani ambaye jina lake, Seline, lilishonwa kifuani, alisema ufunguo uko kwa meneja, na meneja ameenda benki. Alimpigia simu mbele yao. Meneja alisema yuko njiani kurudi. Hakusema yuko wapi njiani.

Hapakuwa na lingine la kufanya ila kungoja. Upepo wa baridi ulianza kuvuma, ule unaotangulia mvua ya mchana. Mustafa alitoa chupa ya chai kwenye gari lake, akamimina kikombe, akampelekea mzee kwanza. "Karibu, mzee wangu. Ni ya maziwa, na tangawizi kidogo. Fatuma wangu ndiye amepika."

Jerop alitaka kusema kitu, lakini aliona aibu kumkataza mtu ukarimu. Alijua mzee atafanya kama anavyofanya siku zote. Mtu ambaye figo hazifanyi kazi hupimiwa maji. Kila anachokunywa hubaki mwilini mpaka mashine ikiondoe. Nyumbani mzee alikuwa na kikombe chake kidogo cha kutwa nzima, na watu wakimkaribisha chai alilowesha midomo tu akarudisha, akashukuru.

Mzee Bethwel alikinywa kikombe chote. Alikinywa taratibu, akitazama barabara, mpaka tone la mwisho, kisha akakinyoosha nje ya dirisha.

"Kuna nyingine?"

"Iko," Mustafa alisema kwa furaha, akamimina.

Jerop alisimama na simu mkononi, muziki wa namba ya huduma ukimlilia sikioni. Alitazama mzee akinywa kikombe cha pili. Aliikata simu. Alizunguka gari, akaingia upande wa dereva, akafunga mlango.

"Baba," alisema, "hukuwa unataka kwenda leo."

Mzee alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akiota joto lake.

"Nilipoona ile taa imekuwa nyekundu," alisema, "nilishukuru Mungu. Nikasema, amenionea huruma. Mimi sikukataa. Gari ndiyo imekataa."

"Na kesho?"

"Kesho pia sitaenda. Nimechoka, Jerop." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayesema jembe limeisha makali. "Nikitoka pale misuli inakaza mpaka nalia kama mtoto, na wewe unasikia, najua unasikia. Nikifika nyumbani siwezi kukaa na watu. Kesho yake nalala. Nikianza kupata nguvu, ni siku ya kurudi. Kanisani sijaingia tangu Pasaka. Na kiu. Hujui kiu. Usiku naota mto."

Machozi ya Jerop yalikuwa karibu, na hakutaka yawe ndiyo jibu lake. Alikuwa amekisikia kile kilio cha misuli kukaza kupitia ukuta, mara nyingi, na kila mara alijifanya amelala ili kumwachia heshima yake. Hakuwahi kufikiri kwamba heshima hiyo ilimwacha peke yake.

"Sitakulazimisha," alisema mwishowe. "Mimi ni nani nikulazimishe? Lakini Kigen atanipigia jioni, kama kawaida. Ataniuliza, Baba alienda? Nimwambie nini? Kwamba plagi ilishika? Ukifariki wiki ijayo, Baba, huyo mtoto wako ataishi akijua ni gari alilonunua ndilo lilikuangusha. Na mimi nitaishi nikijua sikuvuta kwa nguvu."

Mzee aligeuza uso akamtazama. Ni jambo ambalo hakuwa akilifanya mara nyingi.

"Hilo sikufikiria," alisema.

"Kama umechoka, ni haki yako kuchoka. Lakini useme kwa mdomo wako. Umwambie daktari, umwambie Kigen. Usiiachie mashine ikusemee."

Matone ya kwanza ya mvua yaliangukia kioo. Mustafa alikuwa amesimama mbali kidogo, mgongo kwao. Alikuwa ameelewa kwamba kuna maneno yanaendelea. Mzee Bethwel alitazama kikombe kilichobaki nusu. Alikiweka juu ya dashibodi.

"Haya," alisema. "Itoe basi, twende nikaseme."

Meneja alifika akiwa amenyeshewa mabegani, akitoa pole hata kabla hajaulizwa. Alifungua boksi nyuma ya ofisi, akashusha swichi kubwa ya mashine. "Tuiache kidogo," alisema, "hizi vitu zinataka kusahau kwanza." Walisubiri chini ya paa la pampu, yeye, Jerop, Mustafa na Seline. Alipopandisha swichi, mashine ilitoa mlio, skrini ikaandika maneno mengi madogo, kisha ikaonyesha kwamba iko tayari. Kwenye simu ya Jerop app nayo ikakubali kwamba kuchaji kumekwisha.

Alikimbia kwenye gari, akavuta. Plagi ilikataa.

Aliweka paji la uso juu ya bodi ya gari, mvua ikimpiga mgongoni. Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa ni namba ya huduma, wao sasa wakimpigia yeye. Kijana aliyesema anaitwa Oluoch aliomba msamaha kwamba simu zimekuwa nyingi tangu stima ikatike, akamwuliza taa iko rangi gani.

"Iko sawa sasa. Lakini plagi haitoki. Nimevuta mpaka mikono inauma."

"Usivute, madam," Oluoch alisema. "Kuna pini ndani ya gari ndiyo imeshika plagi. Ukivuta, unaibana zaidi. Na huo waya ni mzito, unaning'inia, nao unabana. Uko na mtu hapo?"

"Niko naye."

"Yeye abebe waya, asiuache ushuke. Wewe sukuma plagi ndani, usivute, sukuma. Ukiwa umesukuma, bonyeza ufunguo kufungua gari."

Mustafa alikunja mikono ya kanzu, akaubeba waya uliolowa kwenye mabega yake kama anayebeba zulia. Jerop aliweka kiganja nyuma ya plagi, akaisukuma kwa uzito wake wote, akabonyeza ufunguo. Walisikia mlio mdogo, *tak*, ndani ya gari. Akavuta kidogo tu. Plagi ikachomoka, ikabaki mkononi mwake bila ugomvi wowote.

"Alhamdulillahi," Mustafa alisema kwa sauti ya chini.

Jerop alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akajipangusa kwa mkono wa sweta. Kabla stima haijapotea gari lilikuwa limeingiza chaji ya kutosha kufika hospitalini, hata kurudi. Alimkabidhi Mustafa plagi, akamshukuru. Mustafa aliinama dirishani kumuaga mzee.

"Nimesikia kidogo, mzee wangu, unisamehe. Hiyo chai sikujua. Ningejua nisingekupa."

"Ilikuwa chai nzuri," Mzee Bethwel alisema. "Mwambie mama aliyepika."

Walichelewa. Kitanda chake kilikuwa bado kiko wazi, kwa sababu mgonjwa mwingine naye alikuwa amezuiwa na mvua. Muuguzi wa zamu, mwanamke wa makamo aliyeitwa Kavetsa, alikuja na mizani kumpima uzito. Mzee hakupanda. Alibaki amesimama kwa fimbo yake.

"Sista," alisema, "leo nimekuja kusema nimechoka."

Kavetsa aliiweka mizani chini. Hakumkemea, wala hakumwambia jipe moyo. Alivuta viti vitatu. "Umechoka na nini, mzee? Nieleze moja baada ya nyingine." Naye akaeleza: misuli, kiu, siku za kulala, kanisa. Mambo yale yale aliyomwambia Jerop garini, ila sasa aliyasema kwa sauti zaidi. Jerop alishangaa jinsi yalivyokuwa mengi, na kwamba miezi yote hii mzee alipoulizwa hali alijibu "Niko sawa."

Daktari aliitwa. Alikuwa mwanamke kijana, akasikiliza akiwa amechuchumaa mbele ya kiti cha mzee. Alisema ule mkazo wa misuli pengine unatokana na maji mengi kuvutwa kwa haraka; wangeweza kuyavuta polepole, wamweke kwa muda mrefu zaidi, waone. Siku zake zingeweza kubadilishwa ili Jumapili imkute na nguvu. "Na ukitaka kuacha kabisa," alisema, "hatutakufunga kamba. Tutakaa na mwanao, tukueleze itakuwaje, na hatutakuacha. Lakini nakuomba tujaribu hili kwanza."

Mzee Bethwel alivua koti, akampa Jerop, akapanda mizani. Kavetsa alisoma uzito, akatikisa kichwa kidogo.

"Nimekunywa chai," mzee alisema.

"Naiona," Kavetsa alisema.

Alipokwisha kulazwa, mkono umenyooshwa na damu imeanza kuzunguka kwenye mipira, aliomba simu. Jerop alimpigia Kigen, akaweka simu sikioni mwa mzee, akatoka nje kwenye korido ili baba na mwana waongee Kikalenjin chao bila mtu kuwasikiliza. Alisimama dirishani. Mvua ilikuwa imepungua, na chini kwenye lango watu walikuwa wakitoka na miavuli.

Aliporudi, simu ilikuwa juu ya shuka.

"Amelia," mzee alisema. "Nimemwambia alie, halafu arudi kazini."

Misuli haikuacha kukaza mara moja. Wiki ya kwanza ilikaza, ya pili ilikaza kidogo, na baadaye zikawepo safari ambazo mzee alirudi nyumbani akiongea njia nzima. Kiu ilibaki; hiyo hakuna aliyeweza kumwondolea. Jerop aliacha kujifanya amelala. Akisikia anaugua usiku wa mkazo, aligonga mlango, akaingia na taulo la maji moto, akamkanda vigimbi vya miguu, jambo ambalo mama zake wangeliona la aibu kubwa. Mzee alilionea aibu mara ya kwanza tu.

Kigen alikuja likizo mwezi wa nane, mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani. Walikaa watatu sebuleni, mlango umefungwa, na mzee akasema mbele yao kwamba siku ya kuacha ikifika ataitaja mwenyewe, na akishaitaja asibembelezwe. Kigen alikubali, ingawa ilimchukua muda kulitamka neno lenyewe. Jerop naye alikubali.

Jumapili iliyofuata walimpeleka kanisani, wakamkalisha benchi la mbele pamoja na wazee wenzake, ambao walisogea kumpa nafasi ya kunyoosha miguu.